Mnyweshaji Hunywa wa Mwisho
(Hutuba ya Ijumaa juu ya ruzuku ya pembejeo na wanaoistahiki. Kaloleni, Arusha)

HUTUBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye huteremsha mvua juu ya ardhi iliyokufa akaihuisha, na huotesha kwayo nafaka na matunda yawe riziki ya waja wake na ya wanyama wao. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, asiye na mshirika. Na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu mlio msikitini, nanyi ndugu zetu mnaotusikiliza majumbani na mashambani, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani mcha Mungu si yule tu arefushaye sijida, bali ni yule pia ambaye mali ya watu hupita mikononi mwake ikatoka salama kama ilivyoingia.

Ndugu zetu Waislamu, Imamu Muslim ametupokelea kutoka kwa Sahaba Abu Qatada (Mwenyezi Mungu amwie radhi) habari ya safari moja ambayo jua lilipokuwa kali watu walishikwa na kiu hata wakahofu kuangamia. Maji hayakuwapo ila kidogo, ndani ya chombo cha kutawadhia. Mtume (rehema na amani zimshukie) akakitaka chombo kile, akawa yeye anamimina na Abu Qatada anawapokeza watu. Watu walipoyaona maji wakasongamana. Mtume akawatuliza, akawaambia wawe na adabu njema, maana wote watakunywa. Wakanywa wote, mmoja baada ya mwingine, hata hakubaki ila Mtume na Abu Qatada. Mtume akamwambia Abu Qatada anywe. Abu Qatada akasema hatakunywa kabla ya Mtume. Ndipo Mtume akamfahamisha kwamba mwenye kuwanywesha watu, yeye huwa wa mwisho wao kunywa. Abu Qatada akanywa, kisha Mtume akanywa.

Yazingatieni haya. Aliyekishika chombo alikuwa ndiye mbora wa viumbe, naye alikuwa na kiu kama wao. Lau angetangulia kunywa hapana ambaye angemlaumu. Lakini alitaka kutufundisha kanuni ya kila mgawaji: mkono ulioshika chombo ndio mkono unaosubiri.

Kanuni hii sisi wakaao chini ya mlima Meru hatukosi kuijua. Mifereji yetu hushuka kutoka mlimani, ikapita kwenye migomba na mibuni, ikafika kwenye mashamba ya mahindi ya tambarare. Mwenye shamba la juu ndiye wa kwanza kuyaona maji. Akiufungulia mfereji wote shambani mwake, wa chini atabaki na mchanga mkavu, ingawa mfereji aliuchimba pamoja naye. Ndiyo maana wazee wa huku waliweka zamu za maji, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake alitozwa faini mbele ya watu.

Leo tunataka kusema juu ya mfereji mwingine, nao ni ruzuku ya pembejeo ambayo serikali huitoa kutoka katika hazina ya wananchi ili imfikie mkulima mdogo.

Ndugu zetu, ruzuku yenyewe ni jambo jema, na sheria yetu inaitambua gharama ya mkulima. Zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ni fungu moja katika kumi, na zaka ya yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama ni nusu ya hilo. Basi dini imeutazama mzigo alioubeba mkulima kabla ya kulitazama gunia lake. Serikali nayo inapoupunguza mzigo huo inafanya jambo la haki. Swali letu leo ni moja tu: mzigo unaopunguzwa ni wa nani?

Nchi yetu imekwenda mbali na jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilikuwa ikiuza mbolea kwa bei nafuu, na kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1972 kilitengeneza mbolea hapa hapa nchini. Kisha ikaja miaka ya 1990, kiwanda kikafungwa, na ruzuku ikaondolewa kidogo kidogo hata ikaisha kabisa kufikia katikati ya miaka hiyo. Mkulima wa milimani akaachwa na soko. Ruzuku ikaanza kurudi mwaka 2003 kwa kusaidia gharama za usafirishaji. Na bei za chakula na za mbolea zilipopanda duniani kote mwaka 2007 na 2008, ulianzishwa mpango wa vocha za pembejeo, na mikoa yetu ya kaskazini, Arusha ikiwamo, ikaingizwa ndani yake. Katika msimu wa 2010/11 mpango ule ulizifikia kaya zipatazo milioni 2.

Mpango ulikuwa hivi. Mkulima aliyechaguliwa alipewa vocha za kutosha ekari moja: mbegu bora, mfuko wa mbolea ya kupandia, na mfuko wa mbolea ya kukuzia. Vocha zililipa nusu ya bei, naye akalipa nusu kwa wakala. Walengwa walikuwa wakulima wakaazi wa kijiji wasiolima zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga. Waliotakiwa kutangulizwa ni kaya zinazoongozwa na wanawake, na wale ambao kwa miaka kadhaa hawakutumia mbegu bora wala mbolea. Kijiji kilichagua kamati ya wanaume na wanawake, kamati ikaandika majina, na majina yakapelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji yapate kukubaliwa. Ukiyasoma masharti yale utasema yaliandikwa na mtu mwenye kuwahurumia wanyonge.

Lakini masharti ni karatasi, na karatasi haigawi. Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, waliyatazama majaribio ya mpango huo ya mwaka 2008 mkoani Kilimanjaro, kwa jirani zetu wa upande wa pili wa njia ya Moshi. Wakaitangaza kazi yao mwaka 2012. Walikuta kwamba kiasi cha asilimia 60 ya vocha zilizogawanywa zilipokewa na viongozi wa kijiji waliochaguliwa na watu. Katika kila vocha kumi, sita zilikwenda kwa waliokishika chombo! Na hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vilivyo mbali na barabara, na katika vile ambavyo tofauti baina ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Yaani pale pale ambapo mnyonge alikuwa na haja kubwa zaidi.

Ndugu zetu, hatuyasemi haya ili kuwacheka jirani. Kila mmoja wetu akikumbuke kijiji alikozaliwa, au kijiji lilipo shamba lake, ajiulize kama orodha iliwahi kubandikwa pahali pa watu kusoma, au ilikaa mfukoni mwa mtu.

Wasemaji husema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hayo ni maneno ya watu walioizoea dhuluma hata wakaitungia methali. Katika Uislamu mwenye kisu amepewa kisu ili awakatie wenzake.

Wako watakaotujibu: Je, kiongozi wa kijiji naye si mkulima? Hana watoto? Tunasema: ni mkulima, na ana watoto, na kama masharti yanamhusu anayo haki yake kama wengine. Lakini jina lake liandikwe na mkono usiokuwa wake, lisomwe mbele ya watu naye akiwa kimya, na lije baada ya majina ya wenye haja kuliko yeye. Na wako watakaosema: Kazi ya kamati ni ya kujitolea, basi mfuko mmoja wa mbolea ni fidia ya jasho letu. Tunawakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu alipoyataja mafungu manane ya zaka, wenye kuikusanya aliwawekea fungu lao, linalojulikana na kila mtu, asije mmoja wao akajikatia mwenyewe gizani. Anayestahiki ujira na auombe hadharani.

Na mtu mmoja wa zama za Mtume alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi akaitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akakasirika, akapanda juu ya mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi ile ingemfuata huko? Basi nawe uliyemo katika kamati jiulize: lau usingeikalia orodha, mifuko ile ingekufuata nyumbani kwako?

Tunaishia hapa, tukimwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

HUTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika Sahihi ya Imamu Bukhari imo habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (Mwenyezi Mungu amwie radhi), nayo inafanana mno na jambo letu. Umar aliitenga ardhi ya malisho iwe chini ya ulinzi wa dola, akamweka juu yake mtumishi wake aitwaye Hunayy. Akamuusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwani hiyo hujibiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan.

Hawa wawili ni nani? Ni katika Masahaba wakubwa waliobashiriwa Pepo, na hapana aliyewatuhumu wizi. Lakini Umar alitoa sababu yake. Wao mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende yao na mashamba yao. Ama mwenye wanyama wachache, wakifa, atamjia Umar na watoto wake wakilia, naye Umar hataweza kuwaacha. Kumpa majani na maji leo, alisema, ni kwepesi kwake kuliko kumpa dhahabu na fedha kesho.

Hii ndiyo mizani, ndugu zetu. Umar hakuuliza nani mwema, wala nani mwenye cheo, wala nani aliyetutumikia. Aliuliza: ni nani ambaye akikosa hapa hana pahali pengine pa kurudi? Naye tajiri apewaye mbolea ya ruzuku, ambayo angeinunua hata bila ruzuku, haongezi gunia hata moja katika ghala la nchi. Anaongeza fedha mfukoni mwake tu. Bali maskini apewaye mfuko ule ule analitia shambani jambo ambalo halikuwamo.

Mfikirieni mjane mwenye ekari moja katika tambarare za Meru. Masika yanakaribia. Akipanda mbegu aliyoihifadhi juu ya jiko, bila mbolea, huenda akavuna magunia manne au matano, na kabla ya Januari atakuwa anakopa unga. Akipata mbegu bora na mbolea kwa wakati wake, mavuno yaweza kuwa mara mbili au zaidi, na mtoto wake hatatolewa shuleni kwa sababu ya njaa. Lakini hata akiandikwa, vocha ilimtaka alipe nusu, naye nusu hana. Hapo ndipo mlango wa pili wa dhuluma ulipofunguka. Watu walimjia wakamwambia: tia sahihi hapa, chukua hizi shilingi kidogo, nasi tutaishughulikia vocha. Akatia dole gumba, akarudi na fedha ya sukari na mafuta ya taa, na vocha yake ikalipwa thamani kamili kwa mwingine. Katika vitabu ikaonekana kwamba mjane amepata mbolea. Shambani mwake haikuingia hata punje moja.

Ndugu zetu mawakala na wenye maduka ya pembejeo, baadhi yenu mnasali nasi safu moja katika mji huu. Biashara ni halali, na faida ni halali. Lakini kuinunua dhiki ya mtu kwa robo ya thamani yake, kisha kuidai hazina thamani nzima kwa sahihi ya mtu asiyepokea kitu, si biashara. Ni kula mali ya watu kwa batili, na sahihi ile ni ushahidi wa uongo.

Mpango wa vocha uliisha. Mwaka 2022 mbolea ilipopanda bei tena duniani, serikali ilileta ruzuku kwa njia nyingine, iliyozinduliwa Mbeya katika sikukuu ya Nane Nane. Wakulima waliandikishwa katika daftari, wakatambuliwa kwa namba na kwa simu, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia au ya urea, ambao bei yake ilizidi shilingi 120,000, ukauzwa kwa shilingi 70,000. Njia hii imeondoa karatasi zilizokuwa zikiuzwa na kununuliwa. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini chombo cha umeme hakina taqwa. Kinaliamini jina linaloandikwa ndani yake. Akijiandikisha mtu kwamba analima ekari kumi ilhali analima mbili, chombo hakitakwenda shambani kupima. Akijiandikisha mkaazi wa mjini kwa shamba alilolikodisha kwa mwingine, huku mkodishaji anayelishika jembe hana simu wala namba, mbolea itamfuata mwenye simu. Na hapa sisi wa Kaloleni hatumo nje ya hutuba hii. Wengi wetu tuna vishamba huko chini ya mlima, na wengi wetu hatujavishika kwa mikono yetu kwa miaka mingi. Tujihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa.

Basi tunausiana mambo haya.

Kwanza, orodha ya wanaopewa chochote cha umma isomwe kwa sauti mbele ya mkutano, kisha ibandikwe pahali ambapo hata mpita njia ataisoma. Jambo la haki halifichwi. Nanyi wananchi msiukimbie mkutano kisha mkanung'unika vilabuni na barazani. Aliyenyamaza pale jina lilipopitishwa amelishuhudia.

Pili, mwenye madaraka ajiandike wa mwisho. Akibaki bila kitu, amepata sunna ya Mtume, na hiyo ni bora kuliko mfuko wa mbolea.

Tatu, tuwainue wasioweza kulipa sehemu yao. Serikali ikipunguza bei, inayobaki bado ni mlima kwa fukara. Zaka zetu za mazao, na mikopo yetu isiyo na riba, pahali pake ni hapa. Watu kumi wa mtaa mmoja wakichanga, mjane mmoja atapanda kwa wakati. Kumkopesha Machi akalipa Agosti baada ya mavuno ni ibada.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, aliyekwisha kuchukua isiyo haki yake na arudishe. Tunajua kwamba wamo miongoni mwa wanaotusikia walioandikwa pasipo kustahiki, au walioandika majina ya waliokufa, au waliozinunua vocha za wanyonge. Msidhani kwamba miaka imezifuta. Haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba. Ama haki ya mja haimalizwi kwa istighfari peke yake, hata arudishiwe mwenyewe au asamehe kwa hiari yake. Unamjua uliyemnyima. Nyumba yake unaipita kila siku. Mchukulie mfuko wa mbolea kabla ya masika, au thamani yake, umwambie ni haki yako iliyonichelewa mkononi. Kama amekufa, wapo watoto wake. Kama humjui, itoe kwa fukara wa kijiji kile kile, wala usiitoe mbali ukapata sifa. Siku utakayoulizwa juu ya mfuko ule hutakuwa na mbolea wala fedha. Utalipa kwa swala zako na funga zako, na huenda zisitoshe.

Ndugu zetu, mtu huenda akasema: ni mfuko mmoja tu, na serikali ina mali nyingi. Hakika mali ya umma haina mwenyewe mmoja wa kumwomba radhi. Wenyewe ni wote, na wadai wako watakuwa wengi.

Ewe Mola wetu, tunakuomba masika yenye manufaa, yasiyobomoa wala yasiyochelewa. Ibariki ardhi ya Meru, ya milimani na ya tambarare, na mikono inayoilima, ya Waislamu na ya jirani zao. Waongoze viongozi wetu wa taifa na wa vijiji, uwape ujasiri wa kunywa wa mwisho. Watie imani wenye kugawa, na sauti wenye kunyimwa. Turudishe katika haki kabla ya kurudishwa kwako, na utughufirie sisi na wazazi wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Simamisheni Swala.